Mwanadamu wa Wagiriki na mwanadamu wa Mababa wa Kanisa: uchukue yupi?

Nenda msiba wowote wa Kikristo usikilize. Mtu anasimama kufariji wafiwa anasema huu mnaouona hapa ni mwili tu, mwenyewe kashaondoka, kavua koti kaliacha, na watu wanaitika amina. Jioni, kama ni kwa Wakatoliki, inasaliwa rozari, na rozari inaanza na Nasadiki, yaani kanuni ya imani, mnafika kwenye ufufuko wa miili, amina tena. Hakuna anayeshtuka. Lakini hizo amina mbili zimetoka nyumba mbili tofauti, ya kwanza ni ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, karibu mia kwa mia, ya pili ndo ile iliyofanya Paulo achekwe Athene.

Kwa hiyo hii ni kwa mtu anayetaka kuchagua, au walau ajue akiongelea roho na mwili anaongea maneno ya nani. Simchagulii mtu dini hapa, nalinganisha picha za mwanadamu tu, ya Wagiriki na ya Mababa wa Kanisa (walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo), yaani ni kitu gani huyu, ameharibikia wapi, na mwisho wake upi, na nitasema mi naona nani kashinda wapi.

Cha kwanza acha kusema "Wagiriki walisema". Wagiriki gani?

Plato tumuone kwenye kitabu chake Phaedo. Ni siku ya mwisho ya mwalimu wake Socrates, mwaka 399 KK, yuko gerezani Athene anasubiri jua lizame anywe sumu, marafiki wamemzunguka (Plato mwenyewe anaandika kwamba hakuwepo, nadhani alikuwa anaumwa, anasema hivyo hivyo juu juu, halafu anatuandikia maongezi ya siku nzima). Wanajadili roho masaa yote hayo. Socrates anasema kazi ya mwanafalsafa ni kufanya mazoezi ya kufa, maana mwili ni usumbufu mtupu, unataka kula, unaumwa, unatamani, hata vita vinapiganwa kwa sababu ya mali na mali tunaitafuta kwa ajili ya mwili. Roho ni ndugu ya vitu visivyoonekana na visivyobadilika, humu imefungwa tu. Mwishoni rafiki yake Crito anamuuliza sasa tukuzikeje, Socrates anacheka, anasema nizikeni mnavyotaka, kama mtaweza kunikamata. Hiyo ndo hotuba ya msibani. Na lile koti nalo limo humo humo, ila limeletwa na Cebes kama pingamizi: mfumaji nguo anachakaza makoti mengi maishani, lakini koti la mwisho linabaki yeye kashakufa, sasa tunajuaje kwamba roho nayo haichoki ikafa kabla ya mwili wake wa mwisho? Watu wetu wamechukua koti wameacha swali.

Aristotle alisoma kwa Plato miaka kama 20 akatoka na kitu kingine kabisa. Baba yake alikuwa tabibu na yeye mwenyewe alichunguza samaki na wanyama kibao, kwa hiyo hakuwa na hamu na roho inayoelea. Kwake roho ni ule uhai wenyewe wa mwili, jinsi mwili ulivyopangika ukawa unafanya kazi yake. Anasema jicho lingekuwa mnyama, basi kuona ndo kungekuwa roho yake. Jicho la sanamu ni jicho kwa jina tu. Sasa jicho likioza, kuona kunaenda wapi? Hakuendi popote. Ameacha kipande kifupi kuhusu akili kwamba huenda yenyewe haifi, na watu wamegombania hicho kipande mpaka leo, lakini hata ukikisoma kwa huruma zote humkuti wewe na jina lako na kumbukumbu zako mkiendelea.

Wastoiko, shule nyingine ya falsafa, wao roho yenyewe ni kitu cha kushikika, pumzi ya moto iliyoenea mwili mzima. Epicurus, mwanafalsafa mwingine, akamaliza kazi: ni atomu, ukifa zinatawanyika, hutakuwepo kuumia, tulia.

Upande wa Wakristo nako usidhani walikaa kikao kimoja wakakubaliana. Tertullian wa Carthage, yule aliyeuliza Athene na Yerusalemu wapi na wapi (yaani falsafa na imani), ndo huyo huyo aliyeandika kwamba roho ina umbo lake la kimwili, wazo la Wastoiko tupu, yaani kafunga mlango wa mbele kaacha dirisha wazi. Origen wa Alexandria yeye aliegemea kwa Plato, akaona kwamba akili zetu zilikuwepo kabla ya miili, zikapoa mapenzi kwa Mungu zikaanguka, na fundisho hilo likaja kulaaniwa karne ya 6 mwenyewe akiwa amekufa miaka 300 nyuma. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Ukristo wa mwanzo ulikuwa na fundisho moja la mwanadamu, muulize wa mji gani na mwaka gani.

Sasa tuje kwenye mwili, hapa ndo ugomvi wenyewe ulipo.

Chukua Plotinus, Mplato mkubwa wa karne ya 3 aliyefundisha Roma. Mwanafunzi wake Porphyry anaanza kumsimulia kwa kusema alionekana kama mtu anayeona aibu kuwa ndani ya mwili. Hakutaka kuongelea wazazi wake wala kwao. Mwanafunzi mwingine, Amelius, akamuomba akae achorwe picha, akakataa, akasema haitoshi kubeba hii sanamu tuliyovishwa na maumbile, mnataka tena niache sanamu ya sanamu ikae muda mrefu zaidi? Ikabidi Amelius amlete mchoraji awe anakaa darasani kama msikilizaji tu, anamkariri sura, anaenda kuchora kwa kumbukumbu. Mi hii stori naipenda kwa sababu inakuonyesha kwamba jamaa hawakuwa wanaongea nadharia, walikuwa wanaiishi.

Karne moja kabla yake Celsus, mpinzani wa Wakristo, aliutukana ufufuko kwamba ni tumaini la minyoo, roho gani ya mtu itautamani mwili ulioshaoza? Tunayajua maneno yake kwa sababu Origen alikaa akamjibu hoja kwa hoja. Na ukirudi Matendo 17 utaona ni kitu kile kile, Paulo anaongea Areopago mbele ya Waepikureo na Wastoiko, anawanukulia mshairi wao kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu, wanamsikiliza vizuri tu, akigusa ufufuo wa wafu wengine wanaanza kudhihaki. Kutokufa kwa roho kusingemchekesha mtu pale, wangempinga kwa hoja au wangekubali. Kilichowashinda ni mwili kurudi.

Mtu wa kusoma hapa ni Ireneo, askofu wa Lyon, kwenye Dhidi ya Uzushi, kazi ya miaka ya 180 hivi. Alikuwa anapambana na Wagnosti waliosema vitu vyote vya kushikika ni kosa la mungu wa chini, na mtu wa kweli ni cheche iliyonasa kwenye tope. Ireneo anawajibu kwamba aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni mtu mzima, udongo ukiwemo, ameshikwa na mikono miwili ya Mungu ambayo ni Mwana na Roho. Halafu anawapiga na Ekaristi: mnasemaje nyama hii haiwezi kupokea uzima wakati inalishwa mwili na damu ya Bwana? Na kuna kingine chake ambacho makanisani hukisikii kabisa, kwamba Adamu na Hawa walikuwa kama watoto. Hawakuwa wakamilifu waliodondoka kutoka juu, walikuwa wadogo wanaotakiwa kukua, wakadanganywa kama mtoto anavyodanganywa, na historia yote ni Mungu anamkuza mwanadamu taratibu. Ukishasoma hivyo Mwanzo 3 haisomeki tena kama ulivyozoea.

Kuna pointi nyingine ndogo lakini kwangu ndo kisu chenyewe. Justino, mwandishi Mkristo aliyeuawa Roma kama mwaka 165, anasimulia alivyozunguka kwa walimu: Mstoiko hakuwa na habari na Mungu, mfuasi wa Aristotle akataka waelewane ada kwanza, yule wa Pythagoras akamwambia kajifunze muziki na nyota na jiometri ndo urudi, mwisho akatulia kwa Waplato akajiona ameshafika. Halafu siku moja karibu na bahari anakutana na mzee anayembomolea kila kitu. Mzee anamwambia roho haiishi kwa nguvu zake yenyewe, inaishi kwa sababu Mungu anataka iishi. Athanasi karne ya 4 anakuja na hiyo hiyo kwa namna nyingine, tumetoka katika si kitu, tukiachwa wenyewe tunateleza kurudi huko huko. Kwa Plato kutokufa ni mali ya roho, ni yake kama unyevu ulivyo wa maji. Kwa hawa ni zawadi. Mtu anayehubiri "roho ya mwanadamu haiwezi kufa" kana kwamba ndo habari njema, Justino angemtuma ufukweni akaongee na yule mzee.

Kwenye mwili basi mi namchukua Ireneo bila kusitasita. Ila nisiwe mkali kwa Plato, kuna watu miili yao imekuwa mateso ya kila siku, wanaumwa miaka na miaka, na Phaedo inawapa pumzi, siwezi kumnyang'anya mtu hiyo. Na Wakristo wenyewe watawa wa jangwani waliukaba mwili kwa njaa na kukesha kuliko Mplato yeyote, kwa hiyo vitabuni Ireneo alishinda, kwenye maisha sina uhakika.

Tuje kwenye ubaya. Kwa nini mtu anafanya kitu anachojua ni kibaya?

Socrates anajibu haiwezekani. Hakuna anayekosea kwa kupenda, ukikosea ni kwamba hukujua. Jibu zuri kwa mwalimu, dawa yake ni elimu. Tatizo lake kila mtu mwenye pombe au mchepuko atakucheka. Plato aliliona hilo na kwenye kitabu chake Jamhuri akaigawa roho sehemu tatu, akili, hasira yenye kujali heshima, na tamaa, na ushahidi wake ni stori ya Leontius. Anapandisha kutoka bandari ya Piraeus kando ya ukuta, anaona maiti zimelala karibu na mnyongaji. Anataka kuangalia, na anajichukia kwa kutaka. Anapigana na nafsi yake, anafunika uso, mwisho anashindwa, anakodoa macho anakimbilia zile maiti anayaambia macho yake haya basi, shibeni mandhari nzuri. Wewe unayefungua video ya ajali uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp unamjua huyu mtu vizuri sana.

Aristotle anaongeza kitu cha kufanyia kazi: tabia inatokana na kurudia. Unakuwa fundi kwa kujenga, unakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, mara kwa mara, mpaka inakaa. Kama shida yako ni uvivu, hasira, matumizi ya hela, usiende mbali, chukua Maadili ya Nikomako kitabu cha 2, hakuna Baba wa Kanisa aliyeandika vizuri hivyo kuhusu mazoea. Ila anahitaji ulelewe vizuri tangu utotoni, uwe na marafiki, uwe na mali kiasi, muda wa kupumzika. Uliyeharibikiwa mapema hana mengi ya kukuambia.

Paulo kwenye Warumi 7 anaandika lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo. Anajua na bado. Augustino, Baba wa Kanisa wa Kilatini, ndo kalichimba hilo mpaka mwisho, na kalichimba na tukio dogo hata linatia aibu kulisimulia. Ana miaka 16, yuko Thagaste, Algeria ya leo, usiku na wenzake wanaiba mapeasi kwenye mti wa jirani. Kwao alikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Hawakuwa na njaa. Wameonja kidogo mengine wakawatupia nguruwe. Anajiuliza sasa nilitaka nini? Sikutaka mapeasi, nilitaka kuiba. Na peke yangu nisingeenda, anasema. Hapa Socrates hana la kusema, na Leontius pia hasaidii maana Leontius alikuwa na tamaa ya kitu. Huyu kapenda ubaya wenyewe, utashi umepinda kwenye mzizi. Maungamo kitabu cha 2, ni kifupi, kisome hata kama huna mpango na Augustino.

Kutoka hapo akagombana na Pelagius, aliyesema ukiamriwa maana yake unaweza, kwa hiyo jitahidi. Mtaguso wa Carthage mwaka 418 ukamlaani Pelagius. Na Augustino akasukuma hoja yake mpaka kwa watoto wachanga, kwamba wanazaliwa na hatia ya Adamu na wakifa bila ubatizo wanahukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Hapo mi namuacha, siwezi. Na sio mi tu, Yohane Krisostomo huko mashariki alihubiri kwamba tunabatiza hata watoto wachanga ingawa hawana dhambi, Augustino akahangaika sana kuielezea hiyo sentensi. Mashariki wanakubali tumerithi kifo na udhaifu, hatia ya mtu mwingine hapana. Kama umekulia mafundisho ya Kilatini, yaani ya magharibi, ukadhani ndo Ukristo wote, hii inafungua macho. Ukichagua kwenye hili swali, chukua mapeasi ya Augustino na uachane na hesabu zake za vichanga.

Kuhusu thamani ya mtu sitachelewa sana, matokeo yako wazi. Aristotle kwenye kitabu chake Siasa anasema wapo watu ambao ni watumwa kwa maumbile, na mtumwa kwake ni chombo chenye uhai. Mtu mwenye akili kuliko karibu wote, kaandika hivyo. Wastoiko walikuwa bora, akili ya kimungu imo kwa kila mtu, na mmoja wa walimu wao wakubwa, Epictetus, alizaliwa mtumwa, lakini ushauri wao kwa mtumwa ulikuwa uwe huru ndani ya moyo wako, minyororo ibaki. Gregori, askofu wa Nyssa karne ya 4, anahubiri Mhubiri 2:7 pale mfalme anapojisifu kwamba nilinunua watumwa na wajakazi, na anamvaa: kwa bei gani? Uliona nini duniani chenye thamani sawa na mtu? Umetoa sarafu ngapi kwa mfano wa Mungu? Kama Mungu mwenyewe hamfanyi mtu huru kuwa mtumwa, wewe nani? Ni moja ya sauti chache sana za zamani zilizoshambulia utumwa wenyewe na sio ukatili wake tu. Na ukweli lazima usemwe, wengi hawakumfuata, Augustino alisema utumwa umetokana na dhambi na haukuwa wa maumbile, halafu akawaambia watumwa watii.

Celsus pia ana neno hapa bila kukusudia. Analalamika kwamba ibada nyingine zinaita wenye mikono safi, hawa Wakristo wanaita wenye dhambi, wajinga, watoto. Alidhani anawatukana.

Sasa aliyeshindwa kuchagua kabisa, anayetaka Plato na anataka Nasadiki, kuna kitabu chake, Kuhusu Roho na Ufufuko cha Gregori wa Nyssa. Mwaka 379 hivi, kaka yao Basili amefariki karibuni, Gregori huyo huyo anaenda kumuona dada yake Macrina anamkuta naye yuko kitandani anakufa. Gregori analia. Dada anamuacha alie kidogo, halafu anamkaba kwa maswali. Ndo Phaedo imegeuzwa, anayekufa na kufundisha sasa ni mwanamke, na anayeleta mapingamizi ni askofu. Macrina anatetea roho isiyokufa kwa hoja ambazo Plato angezitambua nyingi, ila hawezi kuishia kwenye nizikeni kama mtanikamata, lazima aeleze mwili utarudije. Anasema roho inazijua chembe za mwili wake hata zikitawanyika, haiziachi, na siku ikifika inazikusanya.

Gregori hakubali kirahisi, na mapingamizi yake ni makali kuliko ya Celsus. Mwili unabadilika kila siku, wa utotoni sio wa uzeeni, sasa utafufuka upi? Ukifufuka wote mtu mmoja atakuwa umati. Kichanga aliyekufa jana afufuke kichanga? Mgonjwa arudishiwe ugonjwa? Macrina anajibu kwamba ufufuko ni kurudishwa kwa maumbile yetu kama yalivyokusudiwa mwanzo, kabla ya uzee na ugonjwa na yote yaliyotuingia njiani. Kwa swali la umati mi naona hakulimaliza. Ila kama unataka kuanza na kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, anza na hiki, halafu ndo urudi nyuma kwa Socrates, utawaona wote wawili vizuri zaidi kuliko ukifuata mpangilio wa miaka.